Mtoto akinyamaza mstarini: maswali yenu kuhusu ahadi ya uzalendo

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zinazungumzia jambo moja. Baadhi ya shule zimeanza kuwakaririsha watoto ahadi au kiapo cha uzalendo kila asubuhi baada ya Wimbo wa Taifa. Wapo wazazi waliofurahi, wapo walionuna, na walimu wanataka kujua mpaka uko wapi. Tumechagua barua saba.

Shikamoo mhariri. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule binafsi. Mwaka huu wameletewa "kiapo cha uzalendo" cha nusu ukurasa. Asiyekikariri anabaki mstarini wenzake wakienda darasani. Je, ni sheria ya nchi? Naweza kukataa bila mtoto kuonewa? — Mama wa watoto wawili, Ngaramtoni

Marahaba, mama. Bendera na Wimbo wa Taifa ni vya nchi nzima. Kiapo hicho ni cha shule yenu. Kimeandikwa na mtu wa pale pale, kikapigwa chapa, kikabandikwa ukutani, na hakigeuki sheria kwa sababu kina picha ya bendera juu yake. Shule ina haki ya kupanga ratiba ya asubuhi na kudai utulivu. Kumtaka mtoto atamke kwa kinywa chake jambo ambalo yeye au wazazi wake hawaliamini ni suala jingine, na hapo ndipo Katiba inapoingia. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na ya 19 uhuru wa imani. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo kuwekewa mipaka, lakini mipaka hiyo huwekwa na sheria. Tangazo la mwalimu wa zamu si sheria.

Kabla ya kugombana, soma kwanza. Omba nakala ya kiapo na uone unachopinga ni kitu gani hasa. Wazazi wengi wakikisoma hukuta maneno yenyewe hayana tatizo, ila neno "naapa" ndilo linalowakwaza, na hilo hurekebishwa kwa mazungumzo ya dakika kumi. Kama kinachokuumiza ni adhabu ya kubaki mstarini, liseme hilo peke yake. Ukichanganya hoja mbili utajibiwa ile nyepesi.

Anza kwa mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, ana kwa ana. Usipoelewana naye, andika barua ya ukurasa mmoja. Taja jina la mtoto na darasa lake, tarehe alizoadhibiwa na adhabu yenyewe. Andika unachoomba kwa sentensi moja: "Naomba mtoto asimame kwa heshima pamoja na wenzake bila kutamka." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Nakala hiyo ndiyo itakayokusaidia mbele, kwa sababu malalamiko mengi hufia kwa afisa elimu pale shule inaposema haikuwahi kuambiwa. Hatua inayofuata ni kamati au bodi ya shule, halafu Afisa Elimu Kata, halafu Afisa Elimu Msingi wa halmashauri yako. Wathibiti ubora wa shule nao hupokea malalamiko ya namna hii, na shule binafsi huwaogopa kuliko zinavyokiri. Mtoto akipigwa, usisubiri ngazi zote hizo. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Watu wa Arusha hutuuliza: si Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa hapa mjini? Iko, ila tangu Tanzania ilipojiondoa kwenye tamko la kuruhusu watu binafsi kuipelekea kesi moja kwa moja (tangazo lilikuwa Novemba 2019, likaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye), mlango huo umefungwa kwa mzazi wa kawaida. Mlango uliobaki ni Mahakama Kuu, kwa kufuata Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Ni njia ndefu na ina gharama. Barua yenye muhuri humaliza mambo haya mapema zaidi.

Mimi ni mwalimu wa nidhamu, sekondari ya kutwa, Moshi Vijijini. Nina wanafunzi wawili ambao wimbo ukianza wanasimama wima lakini hawafungui midomo. Wanasema imani yao hairuhusu. Wenzangu wanataka wapewe viboko kisha barua ya kusimamishwa. Nifanye nini?

Mwalimu, usiandike barua hiyo. Jambo hili lilishafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwaka 2013, katika Rufaa ya Madai namba 3 ya 2012 iliyosikilizwa Mbeya, wanafunzi 127 ambao ni Mashahidi wa Yehova walishinda. Watano walikuwa wamefukuzwa shule na 122 wamesimamishwa kwa kutoimba Wimbo wa Taifa. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na kuona adhabu zile hazikuwa halali. Uamuzi wa mahakama hiyo unazifunga mahakama zote zilizo chini yake, kwa hiyo bodi ya shule yako ikisimamisha watoto leo kwa kosa lile lile inatafuta kesi ambayo jibu lake linajulikana.

India ilipita njia hiyo hiyo mapema zaidi. Watoto watatu wa Kerala walifukuzwa shule mwaka 1985 kwa kusimama kimya wimbo ukiimbwa, na Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ikawarudisha mwaka 1986. Kilichowaokoa ni kwamba walisimama. Hawakukaa, hawakucheka, hawakumsumbua mwenzao. Shikilia tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayokusaidia kazini. Mwanafunzi anayenyamaza kwa imani anatekeleza utaratibu wa paredi kama wenzake. Anayepiga soga, anayetafuna au anayeegemea ukuta wimbo ukiendelea amevuruga utaratibu, na huyo unamrudi kama mtovu mwingine yeyote wa nidhamu, hata angekuwa anaimba kwa sauti kuliko wote.

Kuhusu viboko: kanuni za mwaka 2002 (Tangazo la Serikali namba 294) zinaviruhusu kwa utovu mkubwa wa nidhamu tu. Visizidi vinne. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Kila adhabu huandikwa kwenye daftari lake pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Hebu jaribu kuijaza safu ya kosa kwenye daftari hilo: "Alisimama wima, akanyamaza." Mkono wenyewe utasita.

Utakachofanya ni hiki. Waite mmoja mmoja, si mbele ya darasa, uwaulize wanakataa kitu gani hasa. Wapo wanaokataa wimbo lakini bendera hawana neno nayo, na wapo wanaokataa kupiga saluti tu. Andika majibu yao, waite wazazi, wasaini. Wape nafasi yao ya kawaida mstarini. Usiwaweke pembeni wala nyuma, maana ukiwatenga mwenyewe umewatangaza, na ifikapo mapumziko watoto wengine watamalizia kazi uliyoianza. Hapo ndipo shule nyingi hukosea. Adhabu rasmi inaondolewa, lakini mwalimu wa zamu anaacha utani uendelee: "Wale wasio Watanzania wako wapi?" Kiranja akisikia mwalimu akitania hivyo, kesho yake atamsukuma mtu. Basi waambie viranja, kwa maneno machache, kwamba hao wamesimama kama inavyotakiwa na suala limekwisha.

Shemeji yangu anaishi Marekani, anasema kule kila mtoto anakariri ahadi ya bendera na hakuna anayelalamika. Kwa nini sisi tuone kama ni dhambi? — Msomaji, Njiro

Shemeji amesema nusu. Ahadi ya Marekani iliandikwa na Francis Bellamy mwaka 1892 na kutolewa kwenye gazeti la vijana. Mwanzoni ilikuwa na maneno 22 kwa Kiingereza, leo ina 31. Maneno yanayomtaja Mungu yaliongezwa mwaka 1954. Hata saluti yake imebadilika: zamani watoto walinyoosha mkono mbele kuelekea bendera, mpaka Desemba 1942, katikati ya vita na Hitler, ilipoonekana inafanana mno na ya Wanazi, wakaambiwa waweke mkono kifuani.

Nusu ambayo hakuisema ni ya mahakamani. Mwaka 1940 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba shule inaweza kumlazimisha mtoto kupiga saluti. Baada ya uamuzi huo Mashahidi wa Yehova walishambuliwa sehemu nyingi za nchi, na watoto wao walifukuzwa shule. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, mahakama hiyo hiyo ikajigeuza kwa 6 dhidi ya 3 katika kesi iliyotoka West Virginia, na tangu hapo hakuna shule ya umma inayoweza kumlazimisha mtoto kutamka. Majimbo mengi yanazitaka shule ziendeshe ahadi hiyo kila asubuhi, na mtoto asiyetaka ananyamaza. Kwa hiyo kule wanakariri kweli, ila hawalazimishwi, na kuligundua hilo kuliwagharimu.

Mhariri, sisi tulisoma miaka ya sabini. Tulikariri Ahadi za TANU asubuhi, tukaimba, tukaenda shambani, na hakuna aliyekufa. Leo mnawabembeleza watoto. Nchi itajengwa na nani? — Mzee wa Majengo, Moshi

Shikamoo mzee wetu. Hakuna aliyekufa, na maneno yale yalikuwa mazito kwa kweli. Kuna watu wazima wasiokumbuka namba ya simu ya mke lakini ukiwaanzishia "Cheo ni dhamana" wanamalizia bila kukwama: sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu.

Ila tuambiane ukweli. Zile zilikuwa ahadi za chama, zikimtaka msemaji awe mwanachama mwaminifu. Ziliwezekana shuleni kwa sababu chama kilikuwa kimoja. Tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992, shule haiwezi kumtamkisha mtoto uaminifu kwa chama, kiwe kipi. La pili ni gumu zaidi kulisema mbele ya mkubwa. Waliokariri kila asubuhi kwamba rushwa ni adui wa haki ndio hao hao waliokuwa wamejaa maofisini wakati Tume ya Jaji Warioba ilipotoa ripoti yake kuhusu rushwa mwaka 1996. Kukariri hakukuwazuia. Shamba la shule lililowalazimu kugawana jembe na mtoto wa mwalimu mkuu, huenda hilo liliwafundisha zaidi, na hapo mzee tuko upande wako.

Sisi ni shule ya msingi ya serikali, Meru. Kamati imekubali tuwe na ahadi yetu, isiwe ya kulazimisha. Tuandikeje? — Mwalimu mkuu

Mwalimu mkuu, anzeni na jina. Iiteni ahadi, msiite kiapo. Kwa Mwislamu kiapo ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na wapo Wakristo wanaoshika sana Mathayo 5:34 wasiape kabisa. Hata mahakama zetu hazimlazimishi mtoto kuapa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, shahidi mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Kama kesi ya jinai inatosheka na ahadi, paredi itatosheka.

Urefu: maneno 25 hadi 40, yasiyozidi sekunde 20. Kiongozi atatamka kipande, watoto watarudia. Kipande kimoja kisizidi maneno sita. Ukizidisha, mistari ya mbele itaitikia na ya nyuma itavuma kama nyuki, na baada ya wiki mbili uvumi huo ndio utakuwa ahadi yenyewe.

Maneno yawe ya jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya leo kabla ya saa nane. "Nitalinda mipaka ya nchi yangu kwa jasho na damu" ni kazi ya Jeshi la Wananchi. Mwulize mtoto wa darasa la pili jasho gani, atakuonyesha kipaji cha uso. "Uadilifu", "dhuluma", "mshikamano" ni maneno mazuri ambayo mdomo mdogo huyageuza "uhadilifu" na "zuluma", na mtoto anayesema asichokielewa hajaahidi kitu. Jaribio ni rahisi. Chukua watoto watano wa darasa la tatu, waulize neno moja moja lina maana gani. Neno lililowashinda watatu litoke.

Msitaje jina la kiongozi aliye madarakani, wala kaulimbiu ya mwaka. Jirani zetu Kenya walikuwa na ahadi ya utii iliyomtaja Rais na kuishia na falsafa ya Nyayo. Moi alipoondoka madarakani mwaka 2002, falsafa ikaondoka naye, na maneno yakabaki bila mwenyewe. Zimbabwe nayo ilileta ahadi ya shule mwaka 2016, na wazazi wakaenda mahakamani mara moja kwa sababu ya maneno yake ya kidini. Mungu yumo tayari kwenye Wimbo wa Taifa, aachwe huko.

Mfano ambao mnaweza kuukata na kuushona mpendavyo:

*Mimi ni mwanafunzi wa shule hii. / Naahidi kusema kweli, / kutunza mali ya shule, / kumheshimu mwenzangu / bila kujali dini / wala kabila lake, / na kujifunza kwa bidii / ili niitumikie nchi yangu.*

Ni maneno 29. Kila kipande kina swali lake la darasani: jana nani alivunja dawati, nani alimcheka mwenzake kwa lafudhi ya Kimeru au ya Kimaasai? Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atapata hapo vipindi vinane vya bure. Bila vipindi hivyo msijisumbue kuipigisha rangi ukutani.

Isisemwe kila siku. Jumatatu inatosha. Kila siku huchosha sikio, na paredi ya Meru mwezi Juni na Julai, ukungu ukiwa bado juu ya nyasi, si mahali pa kuongeza dakika kwa mtoto asiye na sweta. Paredi nzima isizidi dakika 15: namba, usafi, bendera na wimbo, matangazo. Ikizidi, kata matangazo. Na kwenye karatasi itakayokwenda kwa wazazi, andikeni wazi kwamba asiyetaka kutamka atasimama kimya na hataulizwa. Sentensi hiyo isipoandikwa, mwalimu mgeni atakayehamia mwakani hataijua.

Mimi ni skauti, darasa la sita, Kiboroloni. Tulipandisha bendera watu wakacheka, mwalimu akasema iko kichwa chini. Nitajuaje kabla haijafika juu?

Shika upande wenye kamba, ule unaokaa kwenye mlingoti. Kijani lazima kiwe juu kwenye upande huo, na bluu iwe chini upande wa nje. Mkanda mweusi wenye kingo za njano hupanda kutoka chini kwenye mlingoti kwenda juu nje, kama mtu anayepanda mlima. Ukiona mkanda unashuka, umegeuza. Makosa hutokea kwa sababu bendera hukunjwa jioni kwa haraka na ncha mbili za kamba hufanana. Dawa ni kufunga uzi mwekundu kwenye ncha ya juu ya kamba, na kuikunja bendera kijani kikiwa nje. Ikishaharibika njiani, ishushe taratibu, igeuze, ipandishe tena. Wenzako wasubiri wima, wimbo usianze mpaka ifike juu.

Mimi ni Mkenya, nasoma kidato cha pili Arusha kwa sababu baba anafanya kazi kwenye Jumuiya. Niimbe Mungu Ibariki Afrika au ninyamaze?

Simama wima kama wenzako, hilo ni adabu kwa wimbo wa nchi yoyote. Kuimba ni hiari yako. Ubeti wa kwanza unaiombea Afrika nzima, nawe umo. Ukifika wa pili, wa Tanzania, unaweza kuimba kama mgeni anayewaombea wenyeji wake, au ukanyamaza. Ahadi ya kuitumikia nchi "yangu" usiitamke kwa kulazimishwa, na mwalimu akihoji mwambie kwa upole kwamba nchi yako ni nyingine. Siku shule ikiimba wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, huo ni wako sawasawa na wao, na hapo tunategemea kukusikia.